Pikipiki ya theluji hadi kwa wafuga kulungu: mama wa miaka 67 apande?

*"Hamjambo. Mimi ni Mkenya, naishi Tampere, Ufini, na nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Desemba hii mume wangu anakuja kutoka Mombasa pamoja na mama yangu. Mama ana miaka 67, ana presha anayoimezea dawa kila siku, na goti la kulia humsumbua. Tuna binti wa miaka 6. Tumeona safari moja huko Rovaniemi inayochukua kama saa tatu: mnapanda pikipiki za theluji, kiongozi anatangulia, mnafika shamba la kulungu wa Aktiki, mnawalisha, mnazungushwa kwa sleji (kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji), mnarudi mjini. Mume wangu anasema ameendesha pikipiki miaka mingi, hana cha kufundishwa. Mama anasema baridi itamuua. Mimi naogopa gharama, na tena nimesoma mahali kwamba pikipiki hizo zinawatesa wale wanyama. Twende au tuachane nayo? Na chakula cha huko tunaweza kula? Sisi ni Waislamu."*

Dada yangu, nendeni. Ila msiende wote wanne kwa njia moja, na mambo mengi yaamueni kabla ya kulipa. Mkishavaa maovaroli na kundi zima linawasubiri nyinyi, hakuna tena nafasi ya kubadilisha mpango.

Mama anaogopa baridi, wewe unaogopa gharama na dhambi ya kuwaonea wanyama, mume haogopi kitu. Nitaanza na huyo asiyeogopa. Kazi yangu ni kuongoza misafara ya namna hii huku Lapland, kaskazini mwa Ufini, na wanaoniangushia mashine mara nyingi ni madereva wa pikipiki. Mgeni ambaye hajawahi kuendesha chochote chenye usukani wa mkono husikiliza maelezo hadi mwisho. Aliyezoea bodaboda huwa ameshapanda kabla sijamaliza kusema breki iko wapi.

Jina ndilo linalowadanganya. Mashine hii ina skii mbili mbele, yaani vipande virefu bapa vya kutelezea, na mkanda mpana wa mpira nyuma, na uzito wake ni kama kilo 250 hadi 300. Mafuta hayazungushwi kwa kiganja. Yanasukumwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Breki iko mkono wa kushoto. Gia za kubadilisha hakuna, klachi ya kushika hakuna. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza: mtu akishtuka hukaza mikono, mikono ikikazwa kidole gumba nacho kinasukuma, na mashine inaongeza mwendo wakati ule ule anapotaka isimame. Jibu ni kuachia kidole. Ukiachia tu, injini yenyewe inaivuta mashine nyuma na inapungua kasi upesi. Mwambie mume afanye zoezi hilo mahali pa wazi kabla ya kuingia msituni, mara kadhaa, hadi mkono uzoee.

Mtego wa pili ni mguu. Kwenye pikipiki ya kawaida ukihisi unaelemea upande unashusha mguu chini, nao unakuokoa. Huku mguu ulioshushwa unaweza kunaswa kwenye theluji na mashine nzima ikaulalia. Miguu inakaa kwenye vikanyagio hata mashine ikipinduka. Mara nyingi unaangukia theluji laini na unaamka ukicheka. Kwenye kona unaegemeza mwili ndani ya kona, unapunguza mwendo kabla ya kuingia, kisha unaongeza mafuta kidogo unapotoka. Na usukani utacheza mikononi, kwa sababu skii hufuata mifereji iliyochimbwa na mashine zilizotangulia. Ni kawaida, ukishindana nao kila sekunde, mabega yatauma kabla ya nusu ya njia.

Kuna pia kamba fupi inayomfunga dereva na swichi ya injini. Akianguka, kamba inachomoka, injini inazimika. Waanziaji wengine huiona inawasumbua na kuiacha ining'inie. Asifanye hivyo.

Sheria za Ufini zinaruhusu kilomita 60 kwa saa kwenye nchi kavu na 80 juu ya barafu ya ziwa au mto, na helmeti ni lazima. Msafara wenye wageni hauendi hivyo. Sana sana mtakuwa kati ya 20 na 40. Dereva lazima awe na leseni halali ya kuendesha gari au pikipiki, ile yenyewe mkononi. Picha ya simu haitoshi, na leseni ya mwanafunzi haikubaliwi. Kwa kuwa yake ni ya Kenya, itumieni kampuni kwa barua pepe kabla ya kulipa, mwombe jibu la maandishi kwamba wanaikubali. Kampuni nyingi pia hutaka dereva awe ametimiza miaka 18.

Sasa mama na baridi yake. Hofu yake haijatoka hewani, ila imeelekezwa kwenye kitu kisicho chenyewe. Kipimajoto hakitamuumiza; kitakachomuumiza ni upepo. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye joto, na upepo ukipita unaliondoa kila sekunde, mwili ukalazimika kutengeneza jingine. Kwenye mashine upepo mnautengeneza wenyewe hata kama siku imetulia. Kwenye nyuzi -10, mwendo wa kilomita 40 kwa saa unaifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba ni nyuzi -21. Kwenye -20 ukienda 30 tu, ni kana kwamba ni -33, na hapo shavu au ncha ya pua inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika kumi hadi thelathini. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea shambani kwa saa nzima akiwa salama, lakini akaumia uso kwa mwendo wa robo saa kwa sababu alikiacha kioo cha helmeti wazi.

Kwa presha, wewe mwenyewe unayajua haya kutokana na kazi yako: baridi hubana mishipa midogo ya damu ili joto lisipotee, na mishipa ikibana presha hupanda. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa, aliyevaa vizuri na anayeweza kuingia ndani akajipasha moto atakapo, hana sababu ya kukaa hotelini. Lakini kwenye mashine hana uwezo huo wa kuingia ndani atakapo. Na lile goti: kiti cha nyuma kinataka magoti yaliyokunjwa, miguu inayobana, mwili unaofuata kila kona na kila tuta kwa dakika arubaini au zaidi. Mimi nisingempandisha.

Wengi hufikiri basi suluhisho ni kumweka kwenye ile sleji inayovutwa na mashine ya kiongozi, ambamo watoto hukaa. Hapa watu hukosea sana. Dereva ana vishikio vinavyopashwa moto kwa umeme, na mwili wake unafanya kazi. Aliyeko kwenye sleji amekaa kimya, chini karibu na theluji, anapokea moshi na vumbi la theluji kutoka kwa mashine iliyo mbele yake. Ndiye anayepata baridi mapema kuliko wote. Na kwa kuwa ana helmeti na kuna ngurumo, akisema "nasikia baridi" hakuna anayemsikia.

Binti yenu kwa umri wake atawekwa humo humo, kwani kampuni nyingi haziruhusu mtoto kukaa nyuma ya dereva kabla hajafika urefu wa kama sentimita 140, ili miguu ifike kwenye vikanyagio. Mtoto wa miaka 6 mwenye mavazi mazuri hustahimili safari fupi, tena wengine hulala usingizi kabisa. Lakini kulala huko ndiko kunakonifanya nisimamishe msafara nikamwangalie, maana mtoto aliyenyamaza kwa starehe na aliyenyamaza kwa baridi hufanana kwa mbali.

Kwa hiyo mpango wangu kwenu ni huu. Mashamba mengi ya kulungu yanayopokea wageni karibu na Rovaniemi yanafikika kwa gari. Mama na binti waende kwa gari la kampuni, mzazi mmoja akiwa nao; mzazi mwingine aende kwa mashine pamoja na msafara. Mkutane shambani. Wakati wa kurudi mbadilishane: aliyekuja kwa gari arudi kwa mashine. Waulizeni kampuni mapema kama wanaweza kupanga hivyo. Zingine hukubali, zingine hukataa kwa sababu ya bima au idadi ya viti. Kasoro yake ni bei. Safari hizi huuzwa kwa hesabu ya watu wazima wawili kwenye mashine moja, mara nyingi kati ya euro 150 na 250 kwa kila mmoja, na anayetaka kuendesha peke yake huongezewa. Wakikataa au bei ikipanda mno, basi tenganisheni kabisa: siku moja familia nzima shambani kwa gari, ambako gharama hushuka sana, na siku nyingine nyinyi wawili saa moja tu ya mashine huku bibi na mjukuu wakinywa kitu cha moto hotelini. Mkiniambia nichague kimoja, nachagua shamba. Mashine utaikuta popote penye theluji.

Nguo za juu mtapewa: ovaroli nene, buti, glavu, helmeti, na kofia laini inayoziba uso hadi shingoni. Za ndani ni zenu, na hapo ndipo watu wa pwani huumia. Pamba ikilowa jasho haikauki, na maji yanaunyonya mwili joto. Vaeni sufu au kitambaa cha michezo kinachobana mwili, kisha sweta ya sufu, kisha ovaroli. Soksi pea moja nzito ya sufu ni bora kuliko tatu zilizobanana ndani ya buti, kwani vidole visipopata nafasi ya kuchezeka damu haifiki. Chukua buti kubwa kidogo.

Mambo mengine ambayo maelezo ya Kiingereza hayatakwambia. Rasta nene au wigi haviingii kwenye helmeti. Helmeti ikilazimishwa, inakaa juu juu na haina kazi siku ya ajali. Kama unapanga kusuka, suka nywele zilale. Hijabu ya kawaida yenye pini iacheni. Vaa kofia ile inayoziba uso, ya sufu nyembamba, inasitiri nywele, masikio na shingo vizuri tu. Hereni za chuma vueni. Na mama asijipake mafuta mazito usoni kwa imani kwamba yanazuia ngozi kuganda. Hayazuii. Yanampa mtu hisia ya joto, anachelewa kujifunika.

Kuhusu kuwatesa wanyama, nitakujibu kwa mapana kidogo.

Kwanza, kulungu mtakaowaona si wa mwituni. Kila kulungu wa kufugwa Ufini ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe imekatwa masikioni mwake tangu akiwa ndama. Wafugaji wamejiunga katika vyama vya kimaeneo viitwavyo paliskunta, 54 kwa jumla, na eneo lao linachukua zaidi ya theluthi moja ya nchi. Huko Norwei na Uswidi ufugaji huu kwa sehemu kubwa ni haki ya Wasami, watu wa asili wa kaskazini huku. Ufini hata Mfini asiye Msami anaweza kufuga ilimradi aishi katika eneo hilo. Usidhani kila aliyevaa vazi la rangi shambani ni Msami, na usimwombe mtu avae kwa ajili ya picha. Wala usimuulize mfugaji ana kulungu wangapi. Ni kama kumuuliza Mmasai hesabu ya ng'ombe wake: atatabasamu, atakujibu kitu kisichoeleweka, na utakuwa umeuliza akiba yake ya benki.

Pili, hiyo mashine waliileta wafugaji wenyewe kazini kabla ya utalii. Iliingia Lapland miaka ya 1960, na katika muda mfupi ikachukua nafasi ya skii na ya kulungu wa kuvuta sleji. Haikuja bure. Ilikuwa ghali, iliwaondoa kwenye ufugaji baadhi ya waliokuwa na mifugo michache, na makundi yaliyofukuzwa kwa mashine yaliongezeka woga. Mpaka leo mfugaji huitegemea kwenda kuangalia kundi na kupeleka chakula. Kulungu wa shambani wanaujua mlio wake, na wengine wakiusikia husogea wakitarajia nyasi.

Wale walio nje msituni wana shida yao. Wakati wa baridi mnyama huyu hujilisha likeni, vile vichaka vidogo vya kijivu vinavyoota ardhini, na huvifikia kwa kuchimba theluji kwa kwato. Chakula chenyewe hakina protini nyingi. Kwa hiyo anaishi kwa kubana matumizi: hatembei ovyo, anategemea mafuta aliyoyaweka majira ya kiangazi, na jike huwa amebeba mimba. Ukimkimbiza kilomita moja umemlia akiba ambayo hataipata tena hadi theluji iyeyuke. Lakini lawama zote tusiitwike mashine. Utafiti mmoja wa kusini mwa Norwei juu ya kulungu wa mwituni, uliochapishwa mwaka 2003, uliwalinganisha watu wa skii na watu wa mashine. Kulungu waliigundua mashine kutoka mbali zaidi, ila waliposhtushwa na mtu wa skii walikimbia masafa marefu zaidi. Kinachoamua ni mwenendo wa binadamu. Kiongozi mzuri akikuta kulungu njiani hupunguza mwendo, husimama, huzima injini na kusubiri waondoke wenyewe. Kiongozi akiwasukuma mbele kwa mashine ili mpige video, lalamikeni kwa kampuni.

Ukifika shambani, angalia wanyama kwanza, picha baadaye. Wawe na nafasi ya kuondoka karibu nanyi wakichoka. Wanaovuta sleji huwa ni madume waliohasiwa, waliofundishwa kwa miaka. Wasiwe wanahema na kuzungushwa mfululizo bila kupumzishwa. Sleji hubeba mtu mmoja au wawili, na hakuna anayepanda mgongoni. Mfundishe binti ashike likeni mkononi na amngoje mnyama aje. Asiguse pembe wala kichwa. Kulungu havutiwi na kupapaswa kama mbuzi wa nyumbani, anavumilia tu. Desemba mtaona wenye pembe na wasio nazo: madume wakubwa huwa wameshaziangusha baada ya msimu wa kupandana, majike hubaki nazo hadi karibu na kuzaa. Mwambie binti asikilize pia miguu yao ikitembea, inatoa mlio wa tik-tik kutoka kwenye kano za miguu. Watoto hufurahia hilo kuliko sleji.

Chakula. Kulungu kwa asili yake ni mnyama wa halali, tatizo ni uchinjaji, na nyama ya mashambani kwa kawaida haikuchinjwa kwa masharti yetu. Uliza mapema wakupikieni supu ya samaki aina ya salmoni, hupatikana bila taabu. Tahadhari zaidi na soseji za kuchomwa kwenye moto wa kuni: soseji ya Kifini kwa kawaida ina nguruwe, na mtoto hupewa kijiti chenye soseji kabla hujageuka. Juisi ya matunda ya msituni iliyopashwa moto haina neno. Kinywaji cha viungo kiitwacho glögi huwa na pombe au kisiwe nayo, kwa hiyo ulizeni.

Kuhusu Desemba: kweli ndiyo mwezi wa picha za Krismasi, lakini si mwezi bora wa mashine. Rovaniemi jua huchungulia tu, mwanga wa kutosha upo kama kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Theluji inaweza kuwa haijashiba, na barafu ya mito na maziwa huenda haijawa nene, hivyo njia hubadilishwa. Chagueni safari ya asubuhi. Kama ruhusa ya kazi ingekuruhusu Machi, ningekwambia ngoja Machi. Na baridi ikikaribia nyuzi -30, kampuni nyingi hufupisha au kufuta safari; someni wanarudishaje pesa.

Bima ndiyo sehemu ya kuchosha ambayo watu huiruka. Mume na mama wakija kwa viza ya Schengen watakuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini baadhi ya bima huitoa michezo ya mashine. Msome kifungu hicho. Mbali na hiyo, dereva huwajibika kwa uharibifu wa mashine hadi kiwango fulani, kwa kawaida mamia ya euro, pengine hadi elfu moja au zaidi. Ipo nyongeza ndogo ya kukipunguza. Kwa mume wako, ilipieni.

Kabla mama hajapanda ndege apite kwa daktari wake, apimwe presha, na amuulize wazi kuhusu baridi kali na dawa anazomeza. Akiwa amewahi kupata maumivu ya kifua au kiharusi, hata ile ziara ya shamba isubiri neno la daktari. Msomaji mwingine mwenye selimundu katika familia asichukulie haya kirahisi: baridi ni mojawapo ya vichochezi vya maumivu makali ya ugonjwa huo, na safari kama hii haiamuliwi bila daktari. Mjamzito kampuni hazimpandishi kwenye mashine, na ziko sahihi.

Siku yenyewe, angalianeni nyuso kila mkisimama. Doa jeupe au la kijivu linalofanana na nta, lisilo na hisia, ni ngozi inayoanza kuganda. Kwa ngozi yetu nyeusi weupe huo hauonekani haraka, kwa hiyo gusa: ukikuta pagumu na pa baridi kuliko pembeni, funika kwa kiganja chenye joto, usisugue, usipake theluji, na mwambie kiongozi mwingie ndani. Vidole vikibaki bila hisia baada ya kupashwa joto, au malengelenge yakitokea, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mama akisikia kifua kubana, pumzi kukata, au uso na mkono wa upande mmoja kulegea, hapo ni kupiga 112, namba moja ya dharura kwa nchi nzima, na hujibiwa kwa Kiingereza pia. Pakua programu ya 112 Suomi kwenye simu yako kabla ya kuondoka Tampere, inawaonyesha mlipo. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu kwenye baridi betri huisha ghafla.